Kikombe cha Chande

Katika mji ule wa ugenini, waandishi walikutana mkahawani kila alasiri, na kila mmoja alikuwa na kikombe chake. Mwenzao akikamatwa, kikombe chake kilifunikwa juu ya sahani yake, kitako juu, mezani mahali pake, wala hakikuguswa mpaka arudi. Siku hizi vilivyofunikwa vilikuwa vingi kuliko vilivyo wazi.

Chande, mtunzi wa riwaya kutoka nchi ya mbali, alipewa chake safari yake ya kwanza, naye alikithamini kuliko tuzo yoyote. Leo alikuja kuwaaga. Aliingia akicheka, wakamwitikia salamu kwa sauti za chini. Ndipo alipokiona kikombe chake kimefunikwa.

“Nani kakifunika? Mimi si huyu hapa?”

Ilyasa, mshairi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, hakumtazama. “Kaa kwanza, ndugu yangu. Redio ya kwenu imekutaja mchana. Vitabu vyako vimezolewa madukani, na mchapishaji wako kachukuliwa. Ukipanda ndege kesho, hatutakuona tena.”

“Mke wangu yuko kule. Na wanangu.”

“Tunajua.”

Mwenye mkahawa akaja na birika, akasimama kando yake, akingoja. Chande akikifunua atakuwa amebaki, akikiacha, amekwenda. Chande aliweka vidole juu ya kitako cha kikombe. Kikombe kikaanza kugonga sahani, taratibu, kama meno ya mtu mwenye homa.