Skuta ya Sufiani

Alfajiri aliyofariki Sufiani, mikate sabini ilibaki kwenye tanuri la Mkata bila wa kuichukua. Skuta yake ilikuwa imeegeshwa nyuma ya nyumba, Kwamsisi, kreti tupu limefungwa kwenye kiti cha nyuma, na shokapu za mbele zilikuwa zinavuja mafuta hadi kwenye breki. Ndani ya kreti mlikuwa na chembe za mikate ya jana yake. Hakuna aliyezifuta.

Baada ya mazishi, kikao cha familia kilimkabidhi mdogo wake, Muhsin, mambo yote ya marehemu. Muhsin alisimama mbele ya watu akaahidi kwamba eda ya shemeji yake Tatu ikiisha, miezi minne na siku kumi, mjane huyo atakuwa na kazi ya kumlisha.

Kazi hiyo aliipata mapema. Pritesh, mwenye duka la vyerehani kule Korogwe alikoishi Muhsin, alikuwa anatafuta skuta. Wakakubaliana kubadilishana: skuta kwa cherehani kipya cha miguu.

"Lakini shokapu zisivuje," alisema Pritesh. "Nikiona hata tone, cherehani kinabaki dukani."

Muhsin akamchukua fundi Paulo kutoka Mkata. Paulo alitoa gurudumu, akafungua shokapu zote mbili, akabadilisha sili, vile vipete vya mpira vinavyozuia mafuta, akamimina mafuta mapya. Akaikandamiza skuta mara kumi. Kavu.

Baada ya wiki mbili Muhsin alirudi. Mafuta yalikuwa yamechuruzika tena hadi kwenye tairi.

"Umeniwekea sili feki," alimwambia Paulo.

"Bosi, nimezitoa kwenye boksi mbele ya macho yako."

"Basi boksi lenyewe feki."

Paulo akabadilisha tena. Wiki mbili nyingine, shokapu ya kulia ikatapika mafuta yote. Safari hii Paulo alilichomoa bomba la chuma la ndani, akalibingirisha juu ya kipande cha kioo. Likayumba.

"Limepinda," alisema. "Mara ya kwanza lilikuwa limenyooka. Hii imegonga kitu."

"Imegonga nini? Skuta imeegeshwa. Mwenyewe yuko kaburini."

"Mimi nasema ninachokiona."

"Unachokiona umekipinda wewe kwa nyundo. Natoka Korogwe, basi hadi Mkata, bodaboda hadi huku, nakuja kukutana na mafuta. Ufundi huu ulijifunzia wapi, kwenye kukamua alizeti?"

Paulo alicheka. Muhsin hakucheka. Alikuwa ameshika kitambaa kilicholowa mafuta, na alikuwa hajui akitupe wapi.

Pazia la dirisha likasogea. Tatu alikuwa edani, hakutoka mbele ya wanaume. Alizungumza akiwa ndani.

"Shemeji, usimgombeze fundi wa watu."

"Ni kwa ajili yako, shemeji. Bila skuta nzima hakuna cherehani."

"Mimi kushona sijui."

"Utajifunza tu. Wangapi wamejifunza ukubwani."

"Hilo ni kweli," alisema Tatu. "Fundi, hivi Sufiani alikuwa anabana breki ipi kwanza?"

Muhsin akainamisha kichwa. Tangu msiba, shemeji yake alikuwa akiuliza mambo kama hayo: marehemu alipenda chai ya namna gani huko njiani, alipumzika wapi, alisalimiana na nani.

"Ya nyuma kwanza, mama," Paulo alijibu kwa upole. "Ya mbele aliigusa taratibu. Ukiikaba ghafla skuta inapiga magoti. Hapo ndipo sili zinapokufa."

"Ahsante, fundi."

Paulo alileta bomba jingine, akafunga sili za tatu. Muhsin aliporudi, alipitisha kidole gumba kwenye shokapu. Kavu. Wiki mbili baadaye, kavu. Hakumwomba Paulo msamaha, lakini alimpigia simu Pritesh.

Siku ya pili baada ya eda kuisha, Muhsin na Pritesh walifika Kwamsisi saa mbili kasoro asubuhi kwa pikapu, cherehani kimefunikwa turubai. Muhsin akazunguka nyuma ya nyumba.

Skuta haikuwepo.

Alisimama pale ilipokuwa ikiegeshwa. Ahadi aliyoitoa mbele ya watu wote ilikuwa imepotea. Mama yake, Bi Maryamu, aliyekaa na mjane muda wote wa eda, alikuwa uani anapepeta mahindi.

"Mama, skuta imeibiwa. Ni yule Paulo. Nilijua tangu mwanzo."

"Punguza sauti, kuna mgeni. Hakuna aliyeiba."

"Sasa iko wapi?"

"Imekwenda Mkata kufuata mikate."

"Nani kaiendesha?"

Bi Maryamu aliupuliza wishwa, akautikisa ungo.

"Tatu. Eda ilimkataza kutoka nje ya ua, baba, na ua wenyewe ni mpana. Miezi minne amezunguka humu, mimi nimeshikilia kiti kwa nyuma. Mihogo yangu ameilaza yote, na nguzo ya banda la mbuzi ameigonga mara mbili."

Cherehani kilirudi Korogwe siku hiyohiyo. Siku hizi mikate inafika Kwamsisi saa mbili na nusu asubuhi, isipokuwa siku za mvua.