Mstari wa Mwisho wa Zahoro

Chumba walichorekodia kilikuwa cha kulala. Godoro waliliegemeza dirishani kuzuia kelele za mtaa, na mwanga wa adhuhuri ukapenya pembeni mwake, wakawa kama watu wanaoelea majini. Chande na Zahoro walikuwa wakichana mistari ya rap pamoja tangu ndevu zao zikiwa nyeusi. Hawakuwahi kuwa na bosi, na desturi yao haikubadilika: kila mmoja huacha wazi mstari wa mwisho wa ubeti wake, mwenzake aujaze papo hapo, bila kujua kinachokuja.

Leo ulikuwa wimbo wa kufungia albamu. Chande alifumba macho, mdundo ukaingia taratibu, akatoa alichokibeba miaka kumi na mmoja: kwamba siku Zahoro alipomzika mama yake, safari ambayo Chande alidai imemzuia kufika mazishini ilikuwa uongo. Alikuwa hapa hapa mjini, jukwaani peke yake, akishangiliwa.

Akaacha nafasi.

Zahoro, ambaye hakuwahi kukosa neno, aligeuza macho kwenye mwanga wa dirishani. Mdundo ukapita mtupu mpaka ukaisha.

"Turudie, kaka?" Chande aliuliza.

"Iache hivyo hivyo. Hebu tuisikilize."

Wakaketi sakafuni. Ile nafasi ilipofika, ikasikika pumzi ikivutwa, ndefu, karibu kabisa na maiki, kama ya mtu anayetaka kusema. Chande akairudisha nyuma, akatega sikio kwenye spika.

Pembeni yake, Zahoro, macho bado kwenye ule mwanga, akavuta pumzi ile ile.