Sponji Laini za Fundi Saa

Umewahi kumwona mwenye duka anayeomba bidhaa yake isifanye kazi? Basi Mama Polishi alikuwa ndiye, na kila alipolikumbuka hilo alijicheka mwenyewe mpaka mabega yakamtikisika.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya saluni na mziba pancha. Aliuza vitu vya kung'arishia magari: krimu, vitambaa, nta, na zaidi ya vyote sponji za duara za kufunga kwenye mashine ya kupiga polishi. Ngumu za kutoa mikwaruzo, za wastani, na laini za kumalizia mng'aro. Ukimwuliza habari zake, angekueleza mpaka chai yako ipoe.

Mteja mwenye mfuko mwembamba, Mama Polishi alimshauri hivi: "Usibebe rundo, mwanangu. Chukua mbili tu, ngumu moja na laini moja. Ukimaliza, zifue kwa maji ya sabuni, zianike kivulini. Zitakufaa mpaka uzichoke."

Ndivyo alivyowaambia wote, isipokuwa Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa mgane, mtengeneza saa aliyestaafu, mpole, kola ya shati imenyooka kama rula. Siku ya kwanza aliingia akasema gari lake limejaa mikwaruzo na pesa zake ni za kubangaiza. Mama Polishi akafungua kinywa amweleze habari ya sponji mbili. Kinywa kikasema mengine.

"Anza na laini, Fundi. Pole pole. Ukiona bado, urudi."

Akarudi. Sponji laini haitoi mkwaruzo hata ukisugua mpaka kiama. Mama Polishi alilijua hilo kama anavyoijua njia ya jikoni kwake. Lakini akamwuzia laini nyingine, ya njano, kisha nyeusi, kisha ndogo ya kuingilia kwenye kona. Kila mara Fundi alikaa, wakazungumza: magoti, wajukuu, bei ya sukari, marehemu wao. Gari likipona, mteja atarudia nini? Na tangu mumewe afariki, Mama Polishi hakuwa amepata mtu wa kumsikiliza bila kuchungulia simu.

"Mama Polishi, leo umejipaka mafuta mpaka masikioni," msusi wa saluni alimtania dirishani. "Fundi Saa anapita, au nini?"

"Nyamaza wewe! Ngozi imekauka."

"Imekauka mpaka ikaomba hereni?"

Mama Polishi akaitazama sura yake kwenye kifuniko cha kopo la nta. Bibi mzima, meno ya kuhesabika, anavaa hereni kwa ajili ya kuuza sponji! Akacheka peke yake, kisha akaziweka hereni vizuri.

Kilichomkosesha raha ni ule upole wa mzee. "Naona imepungua kidogo," alisema kila akirudi, jambo ambalo haliwezekani hata kwa dawa. Ananitunzia heshima, masikini, Mama Polishi aliwaza. Siku moja alisema gari lake ni la kijivu, siku nyingine la samawati. Macho yamechoka, miaka yote ile kuchungulia vyuma vidogo kama chawa! Na gari lenyewe kila siku ameliacha kule kwenye kona, ati hapa mlangoni pamebana.

Hadi alasiri ile alipoingia akikunja uso ili asome bei kwenye rafu.

"Nipe laini nyingine, bibie," alisema. "Nilikuwa niende kupima miwani, lakini miwani itasubiri."

Mzaha ukatumbukia nyongo. Mama Polishi akajiona mwizi, tena mwizi mwenye hereni. Akapanda kistuli, akashusha sponji ngumu kutoka rafu ya juu.

"Fundi, kaa kwanza. Nimekudanganya." Alisema akiitazama sakafu. "Hizi laini hazitoi mkwaruzo hata mmoja. Nilijua tangu siku ya kwanza. Sasa lilete gari hapa mlangoni. Mashine ninayo, hii ndiyo sponji yenyewe. Nitalisugua mimi mwenyewe, leo leo, hutoi kitu. Kisha uende zako kwa amani, na miwani yako ukanunue."

Alingoja afokewe. Moyoni alikuwa ameshaanza kuziona alasiri zijazo, yeye na makopo yake wakitazamana.

Fundi Saa hakufoka. Aliigeuza kofia mapajani, akaigeuza tena, kama mtu anayetafuta skrubu iliyodondoka.

"Funguo, Fundi," Mama Polishi alinyoosha mkono. "Au umechoka? Basi nielekeze kona ipi, nimwombe mziba pancha atuletee."

"Kona ipi..." mzee alirudia, akiitazama kofia.

"Mbona husemi? Umenikasirikia?"

Fundi Saa akainua uso.

"Sina gari, bibie," alisema. "Sijawahi kuwa nalo. Nilichotaka ni kukaa hapa na wewe bila kulazimika kununua sponji."