Gari Jekundu la Isamu

Gurudumu lilikuwa dogo kama kifungo cha shati. Mzee Tokuji alilifunga ndani ya leso, akalitia mfukoni, akashika njia ya kwenda duka la Mama Mochizuki huku moyo ukimdunda kama wa mwizi.

Jana yake alikuwa akisafisha madhabahu ya nyumbani, pale wanapomkumbukia marehemu. Mkewe, Fumie, alikuwa Hamamatsu kwa dada yake hadi Jumamosi, na kabla ya kutoka alimwachia neno moja tu: "Baba Isamu, vumbi utalifuta, lakini gari la mtoto usiliguse."

Akaligusa. Likaanguka sakafuni, paa likapasuka, na gurudumu likabingirika hadi chini ya kabati.

Gari hilo dogo la plastiki mwanawe Isamu aliliunda kwa mikono yake, kiangazi kile alichougua. Alikufa akiwa na miaka kumi na sita. Tangu hapo lilikaa kando ya picha yake, na kila asubuhi Fumie akishaweka chai na wali wa moto, hupitisha kidole juu ya paa, taratibu, kama anayempapasa mtoto kichwani. Jumapili ingekuwa kumbukumbu ya mwaka wa thelathini na tatu, ukihesabu na mwaka wa kifo, ile ya mwisho, ambayo baada yake marehemu huungana na mababu. Angemwambia nini mama wa mtoto siku kama hiyo?

Dukani masanduku ya vipande vya magari madogo ya kuunda yalipangwa hadi darini.

"Natafuta gari la kuunda," alisema Tokuji. "La mbio. Jekundu."

Mama Mochizuki akacheka. "Mzee, mekundu ninayo arobaini. Halina jina?"

Hakujua. Hapo ndipo aibu ilipomkaba. Isamu alikuwa akimwita, "Baba, njoo uone injini," naye humjibu bila kuinua macho gazetini, "Acha michezo, kasome." Miaka yote hii gari limekaa sebuleni kwake, wala hajawahi kuuliza linaitwaje.

Mama Mochizuki aliona uso wake ukibadilika, akaacha kucheka. Akavuta kiti, akamkalisha, kisha akapanga masanduku matatu mbele yake bila haraka.

La kwanza lilikuwa na bawa nyuma. Silo. La pili lilikodoa taa mbili za mviringo. Silo. La tatu taa zake zilijifunika, kama macho ya mtu aliyelala. Tokuji akakumbuka jinsi lilivyolala sakafuni jana.

"Hili," akasema, akaifungua leso ahakikishe.

Mama Mochizuki aliligeuza gurudumu kwenye mwanga. "Gari ni hilo, ila gurudumu hili si la zamani, mzee. Toleo la kwanza, la zamani, rimu zake zilikuwa na mikono mitano. Hizi za mikono sita zilianza kiwanda kilipolitoa upya, miaka minane iliyopita."

"Umekosea, mama. Mwanangu ndiye aliyeliunda, na mwanangu amefariki miaka thelathini na miwili sasa."

Mama Mochizuki alimtazama usoni, akaitazama leso, kisha akaikunja polepole, pembe kwa pembe.

"Basi nimekosea," akasema. "Macho yangu nayo yamezeeka." Wala hakuwa amefika hamsini.

"Mke wangu asijue," Tokuji akanong'ona, ingawa walikuwa wawili tu. "Akijua nimelivunja, sijui nitamtazama vipi."

"Usijali. Nusu ya wateja wangu ni waume wanaojificha. Mmoja huyaweka masanduku yake nyuma ya gunia la mchele, na mkewe ndiye mpishi! Hebu fikiria akili hiyo."

Tokuji alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Na wanawake, huja?"

"Wachache. Lakini hao wakiamua, mkono wao hautikisiki."

Akainama chini ya kaunta, akapekua, akatoka na kichupa cha rangi kilichobaki nusu: nyekundu iliyotiwa tone la kahawia. "Hii ndiyo yenyewe. Imeganda kidogo, nitakuzimulia. Usinilipe, ilibaki tu."

Tokuji alishangaa ameijuaje bila kuliona paa, lakini hakuuliza. Mtu mwenye hatia hapimi wema, hupokea tu.

Mchana ule alitandaza gazeti juu ya meza ya jikoni, sanduku jipya upande huu, gari lililovunjika upande ule. Alikuwa amepata wazo moja la kumtuliza: bodi litakuwa jipya, lakini viti vya ndani atavihamisha vilevile, vile Isamu alivyovigandisha. Angalau kidole cha Fumie kisidanganywe chote. Chini ya paa pawe na kitu cha mtoto.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, akaanza kufungua skrubu mbili za chini. "Leo ndiyo nimekuja kuiona injini."

Bodi likaachana na sakafu ya gari. Ndani ya paa, mahali ambapo jicho la mtu halifiki, palikuwa na maandishi madogo ya brashi. Tokuji akavaa miwani upesi, akijua anakwenda kukutana na mwandiko wa Isamu.

Haukuwa wa Isamu. Ulikuwa mwandiko anaouona kila siku, kwenye vikaratasi vya sokoni na kwenye mifuko ya dawa zake za presha.

"Isamu, mwanangu, nisamehe. Mama aliliangusha gari lako akifuta vumbi. Hili nimeliunda mimi. Usimwambie baba."