Ukurasa wa Arobaini

"Umeniandika au hukuniandika? Nijibu hilo tu!"

Mama Redio alikuwa ameushika ukuta kwa mikono miwili kama anayetaka kuung'oa. Upande wa pili, Mwalimu mstaafu, jirani yake wa miaka yote, alikuwa anaanika nguo, vibanio viwili mdomoni.

"Nimekuandika," Mwalimu alisema akivitoa. "Na jina nimeliweka, hilo hilo la Mama Redio. Kuna ubaya gani?"

"Bila kuniuliza!"

"Hapo nimekosa. Lakini si ulinieleza mwenyewe, kwa mdomo wako huo? Siku ile ya mvua, jikoni kwangu. Wewe unasema, mimi naandika. Subiri Krismasi, dada, utanishukuru."

Mama Redio akauachia ukuta, akarudi ndani kwake.

Siku hiyo ya mvua aliikumbuka vizuri mno. Mvua iliwafungia ndani wawili peke yao, naye, mwiko mkononi, akasema mchana kutwa. Alisema hili na lile, mwisho akasema na lile asilowahi kumwambia mtu: kwamba baba watoto, ambaye mtaa mzima unajua yuko ng'ambo kikazi, anaishi na mwanamke mwingine mjini hapa hapa. Kwamba zile salamu za "baba anawasalimu sana" huzitunga mwenyewe. Mwalimu alikuwa na kalamu mkononi, ni kweli. Yeye alidhani anaandika mambo yake.

Akatoka mbio hadi kwa Fundi cherehani, aliyeshona majalada ya kitambaa ya kitabu cha Mwalimu.

"Umekisoma?"

"Nimevivisha nguo vyote, nitaachaje kuchungulia?" Fundi alikata uzi kwa meno. "Ukurasa wa arobaini, umo wewe. Hatua kwa hatua, hakuruka kitu. Mwenzangu, nilimeza mate! Mke wangu kausoma mara mbili, anasema kumbe! Miaka yote hii tunajiuliza tu."

Mama Redio aliondoka bila hata kuchukua gauni lake.

Mwaka huo watu wa mtaa walikuwa wamekubaliana: zawadi za Krismasi wanunuliane wenyewe kwa wenyewe. Vikapu vya Msusi, viatu vya fundi wa kona, na kitabu cha Mwalimu. Maana yake kila nyumba ingefungua zawadi, na kila nyumba ingemfungua yeye. Haya. Mwalimu alitaka kuuza aibu ya mtu? Angeona nani ananunua.

Jumamosi ya maonyesho ya bidhaa hizo alifika ukumbini mapema. Mwalimu mwenyewe hakuwapo. Vitabu vyake vilikuwa kwenye meza ya Msusi wa vikapu, kila kimoja ndani ya jalada la maua maua lisilo na neno hata moja, kimefungwa kwa kamba ya mkonge kama kifurushi.

"Nipe vyote," alisema Mama Redio.

"Vyote vipi?"

"Hivyo vya mezani na hivyo vya kwenye boksi chini ya meza. Nimeviona, usinifiche."

Msusi aliruka akapiga vigelegele. "Jamani, njooni mumwone mtu! Nyie mnakuja kunipapasia vikapu vyangu, halafu hao, dukani! Mwenzenu anajua kumwinua jirani!"

Ukumbi mzima ukampigia makofi. Mama Redio alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Hela yote ya sikukuu ilikwenda hapo, pamoja na nguo za watoto. Haidhuru. Watoto wangevaa za mwaka jana, lakini shuleni wasingeulizwa baba yao yuko wapi.

Aliviburuta kwa mkokoteni hadi uani, akalisogeza pipa la kuchomea taka kando ya ukuta wa Mwalimu. Upepo ulikuwa unaelekea huko huko. Vizuri.

Hakufungua hata kimoja. Afungue ili iweje? Yaliyomo aliyajua, aliyasema mwenyewe.

"Haya, shika," alinong'ona akitupa cha kwanza. "Umekesha unaandika? Shika na hiki. Na hiki. Ndugu wa jikoni, eti! Mnafiki mkubwa."

Kitambaa kiliwaka kwanza, kisha kamba, kisha kurasa zikaanza kujikunja moja moja. Alizichochea kwa mti, taratibu, bila haraka yoyote. Moshi ukapanda, ukavuka ukuta, ukatua kwenye shuka nyeupe alizoanika Mwalimu. Mama Redio alivuta pumzi ndefu. Hakuwa amejisikia hivyo tangu siku alipomfungashia mumewe virago, macho yakiwa makavu.

Majivu yalikuwa bado ya moto geti lilipogongwa.

Alikuwa Mwalimu, macho mekundu. Mama Redio akajipangusa masizi kwenye kanga, akanyoosha mgongo. Saa yake ilikuwa imefika.

"Vipi, jirani, umelia?" aliuliza, sauti tamu kama asali.

"Nimelia, ndiyo." Mwalimu akamshika mikono yote miwili, na masizi yake. "Msusi amenipigia simu. Vyote, dada? Mpaka vya kwenye boksi? Na mimi nilidhani umenichukia! Achana na hizo takataka unazochoma, uje kwangu tule. Nimepika ule mchuzi wako wa ukurasa wa arobaini, uniambie kama vipimo vya chumvi niliviandika sawa."