Mkono wa Shaibu

Mpiga gitaa akifa, mashine ya studio huendelea kupiga nyimbo mpya kwa mkono wake. Kila mwaka sheria humtaka mjane asikilize, athibitishe kuwa bado ni mumewe.

Mwaka huu fundi mitambo Mbwana alinivisha hedifoni. Enzi za uhai wake, Shaibu wangu alipohamisha vidole, nyuzi zilikwaruza. Sasa hazikukwaruza.

“Mkwaruzo uko wapi?”

“Tuliusafisha, shemeji. Yule bwana alikwaruza kama kuku, wateja wakalalamika.”

“Basi siye.”

Mbwana aliweka kalamu chini. “Nikiandika hivyo, kesho wanamfuta.”

Nilisikiliza mpaka wimbo ukaisha.

“Andika ndiye.”

Akaandika. Akaniuliza kama anirudishie wimbo ule nisikie tena. Nilisema nina safari ndefu, nikavua hedifoni wakati wimbo mwingine unaanza.