Kamera Isiyolia

Yatziri alishika kamera mbili kuukuu: kulia ile kubwa nyeusi, kushoto ndogo iliyochubuka rangi. Pesa zake zingetosha yoyote kati ya hizo, lakini moja tu.

"Chukua hiyo kubwa, binti," alisema muuzaji. "Hiyo ndogo watu watadhani umebeba sabuni."

Akaijaribu kubwa. Ikalia: kacha!

Pembeni, bibi yake aliyekuwa ameketi na kikapu cha maua ya Siku ya Wafu akajifunika shali usoni.

"Wee! Nimekwambia mimi sipigwi picha! Una haraka gani ya kuniweka kwenye meza ya marehemu?"

Kila Novemba meza hiyo ilijaa picha za wafu wa ukoo mzima, katikati ya mishumaa na mikate. Uso wa Bibi haukuwa kwenye picha yoyote duniani.

Yatziri akainua ile ndogo, akabonyeza. Kimya.

"Hiyo sauti yake ilishakufa," muuzaji akakiri. "Ndiyo maana nauza rahisi."

Bibi alikuwa ameshateremsha shali, akimenya chungwa. Jua lilipenya kwenye turubai la manjano la kibanda, na ndani ya kioo kidogo cha kamera akaonekana kama anaelea kwenye asali. Kipande cha ua kilikuwa kimemnata shavuni.

"Naichukua hii," Yatziri akanong'ona.

Bibi hakuinua macho. Alilaza tu msuko wake wa mvi vizuri begani.

"Ukishalipa uniambie," alisema. "Hili ua nilitoe, au linanipendeza?"